Utepe wa Mgeni Rasmi

Katika nchi moja, ambayo jina lake limefungiwa kwenye kabati la serikali na mwenye ufunguo amekwenda semina, kulizuka ugonjwa ulioitwa homa ya mbavu. Ulikuwa ugonjwa usio na adabu. Ulimbana mtu kifua bila kuuliza cheo chake, na kwa wanawake wenye mimba kubwa ulikuwa mkali kupita kiasi. Serikali ya nchi hiyo ni sikivu. Hayo si maneno yetu, yameandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kila ofisi ya umma. Kwa hiyo iliagiza chanjo, na chanjo ikaja.

Siku ya tatu baada ya chanjo kushuka, Wizara ya Afya na Utulivu ilitoa Waraka Namba Moja. Ulisema: "Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha wasichanjwe kabisa, kwa kuwa haijulikani." Ulikuwa na mihuri miwili. Redio iliusoma asubuhi, mchana na jioni, na kila ukimalizika kusomwa ilipigwa ngoma nzito ili wananchi wapate kuogopa kwa pamoja.

Siku kumi na moja baadaye ukatoka Waraka Namba Mbili: "Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha wachanjwe wote bila kukosa, kwa kuwa inajulikana." Nao ulikuwa na mihuri miwili, ileile. Kitu gani kilikuwa hakijulikani, na kilijulikanaje ndani ya siku kumi na moja ambazo mbili kati yake zilikuwa sikukuu, waraka haukusema. Nafasi haikuwepo. Robo tatu ya karatasi ilikuwa orodha ya wakubwa waliopelekewa nakala.

Nakala ya mwisho kabisa ilifika katika zahanati ya Mtakuja, mikononi mwa Nesi Skolastika Nambije. Nesi huyu alikuwa amezalisha wanawake wa Mtakuja kwa miaka ishirini na sita, na sasa alikuwa anawazalisha wale aliowapokea wakizaliwa. Alijulikana kwa mambo mawili. Hakuwahi kumdanganya mwanamke mwenye mimba, na hakuwahi kukaidi barua ya serikali. Kwa miaka yote ishirini na sita mambo hayo mawili hayakuwahi kugongana, akadhani ni desturi ya mambo hayo kwenda pamoja.

*

Jumanne ni siku ya kliniki ya wajawazito. Wanawake walikaa kwenye mabenchi, wakaimba wimbo wao wa lishe, wakapimwa uzito, kisha Nesi Skolastika akasimama na kuwasomea Waraka Namba Mbili kwa sauti ileile aliyowasomea Namba Moja. Hakuna aliyepiga makofi. Mkono mmoja ukanyooshwa.

Aliyenyoosha ni Mwanahawa Likoko, fundi cherehani wa pale sokoni, mimba ya miezi sita. Kabla ya hiyo zilitangulia mbili, na zote zilitoka. Hii ya tatu aliibeba kama mtu anayetembea na sahani ya mafuta iliyojaa mpaka ukingoni.

"Nesi, mimi sikatai," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Hiyo dawa ikiingia kwangu, inamfikia huyu? Na ikimfikia, inamfanya nini?"

"Waraka unasema inajulikana," Nesi alijibu.

"Nani anajua?"

"Wizara."

"Basi si watuambie na sisi. Mama mkwe wangu kanambia maziwa yatakauka, sikumsikiliza. Yule mganga wa redioni kasema mtoto atazaliwa bila kucha, nikazima redio. Niliowasikiliza ni nyinyi, Nesi. Na nyinyi ndio mliotuambia tusiguse."

Nesi Skolastika alivuta droo ya meza. Alichukua fomu ya siku hiyo ili aandike kilichotokea. Fomu ilikuwa na safu mbili: WALIOKUBALI na WAKAIDI. Safu ya waliouliza haikuwepo. Basi akachukua rula, akachora safu ya tatu kwa penseli, akaiandika WALIOULIZA, na ndani yake akaweka jina la Mwanahawa na wenzake kumi na watatu.

Fomu ilirudi kutoka wilayani baada ya wiki moja. Safu ya tatu ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Usiharibu mali ya serikali." Mwanahawa akahamishiwa upande wa wakaidi, akapewa namba kumi na nne.

*

Mkaidi mmoja ni mkaidi, lakini wakaidi wakifika mia nne na wote wana mimba, hiyo inaitwa hali. Wizara iliituma hali hiyo kwa Bwana Fortunatus Kilemba, Mratibu wa Uelewa wa Wanawake wa wilaya, ambaye alisomea ufugaji wa nyuki na hakuwahi kuoa. Alikuja Mtakuja na kipaza sauti, ingawa wasikilizaji walikuwa hatua tano kutoka alipokaa.

"Akina mama," alisema, "tatizo la nchi hii ni uelewa wenu. Ni mdogo. Tumeupima. Serikali yenu imewafanyia kila kitu isipokuwa kubeba hizo mimba kwa niaba yenu, na hata hilo tungelifanya kama bajeti ingeruhusu. Nyinyi mnafanya nini? Mnauliza."

Aliwaambia pia kwamba Wizara imeunda Kikosi cha Kuusaka Uvumi, ili kumkamata mtu wa kwanza aliyesema chanjo haifai kwa wajawazito. Kikosi hicho kilifanya kazi kwa bidii kubwa. Kiliufuata uvumi nyumba kwa nyumba, kutoka kwa mama mkwe hadi kwa jirani, kutoka kwa jirani hadi saluni, kutoka saluni hadi redioni, na kutoka redioni kikaufuata hadi kwenye kabati la Wizara lenye Waraka Namba Moja. Hapo kikosi kikapiga saluti, kikavunjwa, na ripoti yake ikawekwa siri.

Mwezi huohuo zilikuja kanga. Wakati wa Waraka Namba Moja, Wizara ilikuwa imechapisha kanga laki tano zenye maneno MAMA MWEMA HAGUSI SINDANO. Ulipotoka Waraka wa pili zikachapishwa nyingine laki tano, MAMA MWEMA HAOGOPI SINDANO. Lakini kanga huja mbili kwa doti, na mtu mmoja mwenye akili nyingi pale Wizarani aliona ni dhambi kutupa zile za kwanza. Akaagiza kila doti iwe na moja ya hizi na moja ya zile. Kwa hiyo wanawake wa Mtakuja wakawa wanajifunga kiunoni amri moja na kujitanda mabegani amri nyingine, na juu ya zote mbili kuna picha ya mkuu wa nchi akitabasamu.

"Mheshimiwa," Mwanahawa alimuuliza Bwana Kilemba siku ya kugawiwa, "tutii ya juu au ya chini?"

"Kanga ni vazi, mama. Siyo sera," alisema Bwana Kilemba, akaandika kitu kwenye daftari lake.

*

Kwa sababu Mtakuja iliongoza nchi nzima kwa ukaidi, ilipewa heshima. Maboksi manne yaliletwa kwa gari la Wizara na kuwekwa kwenye stoo ya zahanati, mkabala na mabenchi ya wajawazito. Yote manne yalifungwa pamoja kwa utepe mpana wenye rangi za taifa, na ubavuni yaliandikwa kwa herufi kubwa: MAJIBU KWA MAMA MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA.

Barua iliyoandamana nayo ilisema kwamba vipeperushi hivyo visifunguliwe, visisomwe wala yaliyomo yasidokezwe, hadi vitakapozinduliwa na mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri Audifasi Magwizi, hapohapo Mtakuja. Baada ya hapo ndipo vitaruhusiwa kusomwa nchi nzima. Msomaji asiyetoka nchi hiyo huenda akashangaa, lakini huo ndio utaratibu wao. Kisima hakichotwi mpaka kizinduliwe. Daraja halivukwi, darasa halikaliwi. Kuna choo cha soko pale Mtakuja ambacho kimekamilika tangu miaka mitatu iliyopita, na watu wanakizunguka kwenda vichakani kwa heshima ya utepe wake.

Uzinduzi ulipangwa Jumatano. Ukaahirishwa, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa anazindua kalenda ya uzinduzi. Ukapangwa tena, ukaahirishwa kwa kuwa viti vya meza kuu vilikuja bila vitambaa. Mara ya tatu uliahirishwa kwa kuwa mkasi ulikuwa wa plastiki.

Mwanahawa alikuwa akija kila baada ya wiki mbili. Mguu umevimba, kadi mkononi, macho kwenye mlango wa stoo.

"Majibu yamo mle ndani, Nesi?"

"Yamo."

"Umeyasoma?"

"Sijayasoma."

"Kisu huna?"

"Kisu ninacho," alisema Nesi Skolastika, na akajisikia vibaya mara baada ya kusema. "Mwanangu, hizi si enzi za kufanya mambo kienyeji. Mimi nimebakiza miaka minne nistaafu. Subiri uzinduzi, ni wiki ijayo. Liandike swali lako kabisa, siku hiyo utampa Mheshimiwa mwenyewe."

Mwanahawa aliomba kalamu. Aligeuza kadi yake ya kliniki, akaandika nyuma yake taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya magauni. Kisha akakunja kadi, akaitia kwenye kibindo cha kanga.

"Nesi, ungeniambia wewe tu ndiyo au hapana, ningenyoosha mkono sasa hivi," alisema. "Wewe ndiye uliyenipokea mimi duniani."

Nesi alimwambia asubiri.

*

Homa ya mbavu haikusubiri. Ilimkuta Mwanahawa akiwa amebakiza wiki tano. Mumewe alimleta zahanati asubuhi akiwa hawezi kumaliza sentensi, na Nesi Skolastika akampakia kwenye lori la kubeba mbao lililokuwa likipita, akaenda naye hadi hospitali ya wilaya, akimshika mkono njia nzima na kumwambia vuta pumzi, vuta pumzi. Siku ya nne walimpasua na kumtoa mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia tisa, mzima. Mwanahawa hakumwona. Alifariki jioni ileile. Kadi yake ya kliniki ilirudishwa kwa Nesi.

Hapa msimulizi mwenye adabu angenyamaza kidogo. Nchi hiyo haikunyamaza. Asubuhi ya pili Bwana Kilemba alifika Mtakuja na fomu ya kifo cha mzazi, kwa sababu takwimu zilitakiwa kabla ya uzinduzi, ambao sasa ulikuwa umethibitishwa kwa Alhamisi ya wiki mbili baadaye. Alimpa Nesi fomu na kumwelekeza kwa kidole kwenye mstari wa Sababu ya Kifo.

"Hapa jaza Ukaidi," alisema. "Imeongezwa kwenye orodha mwaka huu. Ni namba tisa."

"Hakuwa mkaidi. Alikuwa na swali."

"Dada Skolastika, tusibishane na orodha. Na nisaidie jambo moja, tafuta picha yake nzuri. Mheshimiwa angependa kumtumia kama mfano."

Akatoka kwenda kupima mahali pa kusimamisha jukwaa. Nesi Skolastika alibaki na fomu. Aliikunja akaiweka mfukoni bila kuandika kitu. Akachukua kisu cha mkate, akaingia stoo, akafunga mlango kwa ndani.

Barua ya Wizara ilikataza kukata utepe. Kuhusu chini ya maboksi haikusema lolote. Aliyapindua yote manne kwa pamoja, akapasua gundi ya chini ya boksi la kwanza, na kipeperushi kikamwangukia miguuni. Kilikuwa ukurasa mmoja, na maneno yake machache:

"Chanjo hii haina kijidudu hai. Haimpi mtoto ugonjwa, aliye tumboni wala anayenyonya. Kinga anayoipata mama humfikia mtoto wake. Mama akiugua wakati mimba ni kubwa, wote wawili wako hatarini. Mwanzoni tulisema hatujui, kwa sababu wajawazito hawakuhusishwa kwenye majaribio ya kwanza. Sasa maelfu wamechanjwa na kufuatiliwa. Mkono utauma, na huenda ukapata homa kwa siku moja. Ukiwa na swali lolote, muulize nesi wako."

Kukisoma kulichukua muda mfupi kuliko kumpima mtoto uzito. Nesi alikisoma mara tatu. Aliporudia mara ya nne yale maneno ya mwisho, muulize nesi wako, alikaa chini sakafuni na kulia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu ya Wizara. Nusu nyingine aliijua mwenyewe ni juu ya nani. Mwezi mmoja na nusu alikaa hatua sita kutoka kwenye jibu, akilifuta vumbi kila Ijumaa.

*

Jumanne iliyofuata wanawake walikuja kliniki wengi wakiwa wametoka matangani. Nesi Skolastika hakuwasomea waraka. Alimpa kila mmoja kipeperushi, akakaa nao kwenye benchi.

"Mimi nimekosa," alisema. "Mwenzenu aliniuliza, nikamwambia asubiri. Leo ulizeni chochote. Nisichokijua nitasema sikijui."

Waliuliza mpaka saa tisa alasiri. Waliuliza habari za maziwa, za kucha, za mimba changa na za pacha. Mmoja aliuliza kwa nini kwanza walikatazwa, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie alijibiwa. Wengine walinyoosha mkono siku ileile. Wengine walisema wanakwenda kufikiri, wakarudi Alhamisi. Watatu walisema hapana, na Nesi akawaaga vizuri na kuwaambia mlango uko wazi. Kufikia Jumanne ya pili jokofu la chanjo lilikuwa tupu, na maboksi pia, chini yakiwa yamegundishwa upya. Fomu zote zilipelekwa wilayani kwa wakati, lakini hakuna aliyezisoma, kwa sababu wilaya nzima ilikuwa inashona vitambaa vya viti.

*

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Magwizi alifika na magari kumi na tisa. Maboksi manne yaliwekwa juu ya meza, utepe ukiwa umenyooka vizuri. Wanawake walipangwa mbele, wote wakiwa na doti zao, ili wapigwe picha wakielimika.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "leo ujinga unazikwa rasmi. Miezi mingi wanawake hawa wamekaa gizani, na serikali imekaa ikiwahurumia. Wiki mbili zilizopita mmoja wao amepoteza maisha kwa ukaidi wake mwenyewe. Jina lake nitaletewa. Leo nakata utepe huu ili asitokee mwingine."

Mkasi ulikuwa wa chuma. Utepe ukakatika, bendi ikapiga. Ratiba, kipengele cha kumi na nne, ilisema kwamba mgeni rasmi atatoa kipeperushi cha kwanza na kuwasomea wananchi kwa sauti. Mheshimiwa alitia mkono boksini, akapapasa. Akauzamisha mpaka kwapani. Mwishowe alitoa kikaratasi kigumu kilichokunjwa, na kwa kuwa hakuwahi kukiona kipeperushi chenyewe, hakuwa na sababu ya kukitilia shaka. Akasogeza kipaza sauti.

"Jina, Mwanahawa Likoko," alisoma. "Umri, ishirini na sita. Mimba ya tatu. Watoto hai, hakuna." Akasita, akageuza nyuma. "Mheshimiwa, hiyo dawa ikiingia kwangu, inamfikia mtoto? Na ikimfikia, inamfanya nini? Naomba jibu kabla sijajifungua."

Bendi ilikuwa imeshaacha. Mheshimiwa alimtazama msaidizi wake, msaidizi akamtazama Bwana Kilemba, na Bwana Kilemba akatazama viatu vyake.

"Hili ni swali zuri," alisema Mheshimiwa. "Serikali inalifanyia kazi."

Safu ya mbele akasimama mwanamke wa makamo mwenye kichanga kifuani. Alikuwa mama mkwe wa Mwanahawa, yuleyule wa maziwa kukauka, na alikuwa amezeeka sana ndani ya wiki mbili.

"Mwenye swali tumemzika," alisema. "Mtoto wake ni huyu hapa. Mjibu huyu."

Jibu halikuwemo kwenye hotuba ya Mheshimiwa. Waliokuwa nalo ni wanawake. Walianza kulisema mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, mstari kwa mstari kama ulivyo kwenye kipeperushi, hadi walipofika kwenye muulize nesi wako. Hapo wakageuka wote kumtazama Nesi Skolastika, aliyekuwa amesimama nyuma kwenye mlango wa stoo, na yeye akainamisha kichwa.

*

Ripoti ya Wizara ilitoka mwezi huohuo. Ilieleza kwa fahari kwamba uchanjaji wa wajawazito wa Mtakuja ulifikia asilimia tisini na saba, siku chache kabla ya uzinduzi, kutokana na uzinduzi. Bwana Kilemba alipandishwa cheo. Nesi Skolastika alishtakiwa kwa kosa la kuelimisha bila kibali, akahamishiwa makao makuu, Bohari ya Tepe, akawe anazipima na kuzikunja.

Kabla hajaondoka alidaiwa kitu kimoja, fomu ya kifo cha mzazi. Aliitoa mfukoni ikiwa imechakaa kwenye mikunjo. Kwenye mstari wa Sababu ya Kifo aliandika, kwa mwandiko uleule wa miaka ishirini na sita: "Utepe, urefu mita mbili." Akaweka sahihi, akaituma.

Alingoja waje kumkamata. Hawakuja. Baada ya wiki tatu fomu ilimfuata huko bohari, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, pameandikwa: "Haijakamilika. Taja rangi."

Nesi Skolastika alichukua kalamu, akataja rangi zote za bendera, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja.